Kidole Kikitangulia Akili

Swali ninalotaka kulizungumza na walimu wenzangu katika makala haya halikuzaliwa vitabuni. Lilizaliwa katika chumba cha walimu cha shule yetu, hapa Uganda, asubuhi moja ya muhula wa pili, mwenzetu anayefundisha hisabati alipoingia amenyong'onyea, akaketi, akailaza simu yake kifudifudi juu ya meza kama mtu aliyemwangusha adui. Tulipomwuliza kulikoni, alisema kwamba usiku uliotangulia, yapata saa tano, alikuwa macho akiwaza karo ya mwanawe, mara simu ikamletea ujumbe kwamba amestahili mkopo. Alipoufungua aliona kitufe kikubwa cha rangi ya kijani, kilichoandikwa kwamba pesa zake zinamngoja. Chini ya kitufe hicho palikuwa na mstari wa herufi ndogo za kijivujivu, na mstari huo ndio uliotaja ada ya mkopo na siku ya kuulipa.

"Miaka ishirini na miwili nafundisha watoto riba," alisema, "na mstari ule sikuusoma. Kidole kilitangulia."

Baadhi yetu tulicheka. Wengine hawakucheka, na sababu yao ilijulikana. Naibu wa mkuu wa shule, mtu mwenye maneno machache, alisema neno moja tu: "Mwalimu, hukulazimishwa." Kweli tupu. Hakuna aliyemshika mkono, wala hakuambiwa uongo wowote. Ada ilikuwa imeandikwa, na mwenye macho angeweza kuisoma. Hata hivyo neno lile halikunitoka moyoni siku nzima. Mtu ambaye hakulazimishwa wala hakudanganywa, bali amepangiwa mahali pa kuweka kidole chake na mwingine anayejua vyema jinsi macho na vidole vya wanadamu vinavyokwenda, je, ametenda kwa hiari yake? Na huyo aliyempangia ametenda haki?

Nianze kwa kuwatetea washtakiwa, maana ndivyo haki inavyodai. Kuitumia saikolojia katika kusanifu mashine si uovu. Aghalabu ni huruma. Mwaka 1988 mwanasaikolojia wa Marekani, Donald Norman, alitoa kitabu juu ya saikolojia ya vitu vya kila siku, kama vile milango, majiko na swichi za taa. Hoja yake kubwa ni kwamba mtu anaposukuma mlango unaotakiwa kuvutwa, mwenye kosa si yeye, bali ni yule aliyeutengeneza mlango usioonyesha lipi litakiwalo. Ni mara ngapi tumejiita wajinga mbele ya mashine, ilhali ujinga ulikuwa wa mashine yenyewe? Kabla yake, mwaka 1954, Mmarekani mwingine, Paul Fitts, alipima muda ambao mkono huutumia kufikia shabaha, akaonyesha kwamba muda huo hupungua kadiri shabaha inavyokuwa kubwa na kadiri inavyokuwa karibu. Kanuni hiyo ndiyo inayomfaa mama yangu mzazi, ambaye macho yake yamefifia na kidole chake hutetemeka: namba za simu yake zimekuzwa, naye hunipigia mwenyewe bila ya kumwomba mjukuu.

Lakini kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyokikuza kile kitufe cha kijani na kukisogeza karibu na dole gumba la mwalimu wa hisabati. Na mtu aliyeijua vema ndiye aliyeudogosha mstari wa ada. Kanuni haijui inamtumikia nani.

Sasa tuingie mahali penye giza zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Harvard alikuwako mwanasaikolojia maarufu, B. F. Skinner, aliyefanya majaribio mengi juu ya njiwa. Njiwa aliwekwa ndani ya sanduku lenye kidude ukutani. Akikidonoa, chakula hutolewa. Mwaka 1957 yeye na mwenzake Charles Ferster walichapisha kitabu kikubwa juu ya namna mbalimbali za kumlipa kiumbe kwa tendo lake. Chakula kikija kila mara njiwa adonoapo, kisha kikakatika, ndege huyo hukata tamaa upesi. Bali kikija kwa kubahatisha, leo baada ya kudonoa mara tatu, halafu mara arobaini, halafu mara saba, njiwa hudonoa kwa kasi bila kutulia, na huendelea muda mrefu hata baada ya chakula kukoma. Skinner mwenyewe hakuficha kwamba katika tabia hiyo aliiona sura ya mcheza kamari.

Nawaomba walimu wenzangu mtazame kidogo historia ya mtu huyu kabla ya kumhukumu. Mwaka 1953 alilitembelea darasa la hesabu la binti yake, akaona watoto wakifanya maswali bila kujua kama wamepata au wamekosa mpaka wakati umepita, na mwalimu hana njia ya kumfikia kila mmoja. Mwaka uliofuata alionyesha mashine ya kufundishia, ambayo humwambia mtoto papo hapo kama jibu lake ni sahihi. Kwa hiyo sanduku la njiwa na mashine ya mwanafunzi vimetoka katika fikra za mtu mmoja. Tusilisahau jambo hili tunapowanyoshea wengine kidole.

Simu zilizomo mifukoni mwetu zimejengwa na watu waliousoma ujuzi wa namna hii. Mwaka 1998 B. J. Fogg alianzisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, huko California, maabara ya kuchunguza jinsi kompyuta zinavyoweza kubadili mawazo na matendo ya watu, na mwaka 2003 akatoa kitabu juu ya somo hilo. Mwaka 2006 msanifu Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho: ukifika chini, mengine yanajiongeza yenyewe. Mtu asiyefikiri sana ataona kwamba hili ni jambo dogo. Lakini kitabu kina mwisho wa sura, gazeti lina ukurasa wa nyuma, na hata sufuria ya ugali ina ukoko. Ukoko ndio unaotwambia kwamba chakula kimekwisha, tuondoke mezani tukanawe. Raskin aliuondoa ukoko. Baadaye alijuta hadharani. Mwaka 2009 Facebook ikaleta kile kidole gumba cha kupenda, na tangu hapo mtu aliyetoa maneno au picha yake hurudi kila mara kutazama ni wangapi wamempenda, naye hajui atakuta wawili au mia mbili, au hakuna. Ni kule kutojua kunakomrudisha. Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni hiyo, alikiri mwaka 2017 kwamba waliotengeneza mambo hayo walijua fika kuwa wanautumia udhaifu wa nafsi ya mwanadamu, nao wakaendelea.

Hapo msomaji atasema: hukumu imekwisha tolewa, mshtakiwa amekiri. Mimi naona bado. Maana kuna hoja moja nzito ambayo hatuwezi kuiruka, nayo ni kwamba hakuna mpangilio usioelekeza mtu popote. Fomu lazima iwe na sura fulani. Kitu fulani lazima kiwe juu na kingine chini. Mwaka 2003 Eric Johnson na Daniel Goldstein waliandika juu ya nchi za Ulaya na idhini ya mtu kutoa viungo vya mwili wake baada ya kufa. Katika Ujerumani, ambako mtu alitakiwa atoe idhini kwa tendo, waliokubali walikuwa 12 katika kila 100. Katika Austria, ambako kila mtu alihesabiwa amekubali mpaka akatae, walikuwa 99.98. Watu hao ni majirani, na lugha yao ni moja. Sidhani kuna atakayesema kwamba Mwaustria ana ukarimu mara nane kuliko Mjerumani. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa katika sheria na fomu, wala si katika mioyo.

Na sisi je? Mwalimu anayeanza kipindi kwa swali jepesi ili mwanafunzi mwoga apate ujasiri, anayemketisha mtundu karibu na meza yake, anayesifu mwandiko kabla ya kusahihisha sarufi, huyo naye anaelekeza nafsi za watu ambao hawakumpa idhini. Tulifunzwa saikolojia ya elimu vyuoni, tukafanyiwa mtihani, tukapewa cheti. Tukisema kwamba kila ajuaye moyo wa mwenzake na kuutumia ujuzi huo ni mlaghai, basi tufunge shule kesho.

Kwa hiyo mpaka kati ya malezi na ulaghai haupiti baina ya anayeelekeza na asiyeelekeza. Unapita mahali pengine, na ndipo ninapotaka kupatafuta.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kijitabu chake juu ya amani ya kudumu cha mwaka 1795, alitoa kipimo ambacho kwa maneno yangu ni hiki: tendo linalogusa haki za wengine, ambalo nia yake haiwezi kutangazwa, si tendo la haki. Na mwaka 1999 Daniel Berdichevsky na Erik Neuenschwander, waliokuwa wakiandika juu ya maadili ya mashine za kushawishi, walitoa kanuni iliyo ndugu wa hiyo: mtengenezaji asimshawishi mtu kufanya jambo ambalo yeye mwenyewe asingekubali kushawishiwa alifanye. Tuvijaribu vipimo hivi. Aliyezikuza namba za simu ya mama yangu anaweza kumwambia, "Nimezikuza ili uone," na mama atashukuru. Mwalimu anaweza kumwambia mwanafunzi, "Nilikupa swali jepesi kwanza ili upate moyo," na mwanafunzi atacheka, pengine atafurahi. Lakini mwenye mkopo hawezi kusema, "Ada nimeiandika kwa kijivu ili usiione." Siku atakayosema hivyo kitufe chake kimekufa.

Upo mfano mmoja ambao walimu wa fasihi wataufurahia kwa uchungu. Mwezi Juni 2023 tume ya serikali ya Marekani inayolinda biashara ya haki iliishtaki kampuni ya Amazon kwamba iliwaandikisha watu uanachama wa kulipia bila ridhaa yao ya kweli, na kwamba njia ya kujitoa ilifanywa ndefu makusudi: kwa maneno ya mashtaka, kurasa nne, mabofyo sita na machaguo kumi na matano. Tume ilisema kwamba ndani ya kampuni njia hiyo ilipewa jina la *Iliad*, utenzi ule mrefu wa Homer juu ya vita vya Troy. Mwezi Septemba 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kuimaliza kesi hiyo, bila kukiri kosa. Mimi nimewahi kuwasomesha watu tenzi ndefu, lakini sikupata kumfungia mtu mlango mpaka amalize beti zote. Jina lile lilikuwa mzaha wa watu wa nyumbani. Halikukusudiwa kutangazwa kwa mteja, na hapo kipimo cha Kant kinafanya kazi yake bila ya kuongezwa neno.

Hata hivyo lazima nikiri udhaifu wa kipimo hicho. Nimekwisha kuwaeleza habari ya njiwa. Siri imetangazwa, nami naijua vizuri kuliko wengi. Na kabla ya kuimaliza aya iliyotangulia nimeishika simu yangu mara mbili, bila sababu, bila kuitwa na mtu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi simu tunaziweka huko huko nguoni. Kumbe kuna hila ambazo zikitajwa hufa, na kuna nyingine ambazo hutajwa na zikaendelea kuishi. Kwa hizi za pili kutangaza hakutoshi.

Ndipo ninaporudi kwa neno la naibu wetu, kwamba mwenzetu hakulazimishwa. Neno hilo linaichukulia hiari kama kutokuwa na kamba mkononi. Mimi nadhani hiari inahitaji zaidi ya hayo: inahitaji nafasi, hata iwe ya pumzi moja, kati ya kutamani na kutenda. Katika nafasi hiyo mtu hujiuliza, "Je, nalitaka jambo hili kweli?" Mnyama pia hutamani, na mnyama pia hutenda, sisi tumepewa ile pumzi ya katikati. Zamani mtu aliyetaka mkopo alipanda basi, akapanga foleni, akajaza karatasi tatu, akaambiwa arudi Jumanne. Sitamani mateso hayo yarudi. Yaliwaonea maskini kuliko wengine, na wengi wao Jumanne hawakupata kitu. Lakini ndani ya foleni mtu alifikiri. Alihesabu. Pengine alikutana na shemeji akamwonya. Msanifu wa kitufe cha kijani ameiondoa foleni, na kwa hilo anastahili sifa. Kisha pamoja na foleni ameiondoa na pumzi. Alijua kwamba saa tano za usiku pumzi ni fupi.

Hii ndiyo sababu sikubali kwamba mwenzetu aliponzwa na uvivu wake wa kusoma. Aliibiwa, na kilichoibwa si fedha kwanza, maana ada ile angeweza hata kuikubali kama angeiona. Kilichoibwa ni ile nafasi ambamo yeye ni mwalimu wa hisabati. Angepewa nafasi hiyo angepiga hesabu kichwani kwa nukta tano. Waliobaki nje ya hesabu walimkuta kidole peke yake.

Na kutoka hapo naona njia ya kuwapambanua watu wawili wanaotumia ujuzi mmoja. Mmoja huiongeza ile nafasi, mwingine huipunguza. Na kwa kawaida utawatambua kwa kutazama wanachokihesabu jioni. Mganga huhesabu waliopona wakaenda zao. Mwalimu, kama ni mwalimu kweli, hufanya kazi kwa ajili ya siku ambayo mwanafunzi hatamhitaji tena, nayo ni kazi ya ajabu ambayo hufaulu kwa kuachwa. Lakini ambaye pato lake ni dakika tulizokaa mbele ya kioo chake hawezi kuitamani siku ya kuachwa, hata awe mtu mwema nyumbani kwake. Daftari lake la hesabu halimruhusu.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa upande wa wenye haki. Isitoshe mwezi huo huo alifika shuleni wakala wa kampuni moja, kijana nadhifu mwenye adabu, akatuonyesha programu ya kuwasomesha watoto vitabu vya hadithi kwa simu. Kila siku mtoto asomapo hupata pete moja, na pete huungana kuwa mnyororo. Akikosa siku moja mnyororo hukatika na lazima aanze upya. Kila kitabu kina zawadi ndani yake, wala hajui ni ipi mpaka amalize. "Hawataweza kuiacha," alisema kwa fahari. Mwalimu wa hisabati, ambaye alikuwa bado analipa lile deni, alimwuliza swali moja tu: mtoto akiwa amesoma ya kutosha, je, programu itamwambia aende akacheze? Kijana alijibu kwamba maoni hayo atayafikisha ofisini.

Walimu waligawanyika. Waliokuwa wakiitaka programu hawakuwa wapumbavu. Watoto wetu hawasomi, na njaa ya vitabu vya Kiswahili katika nchi hii sisi tunaijua. Walitazamia kwamba mimi, baada ya maneno mengi niliyokwisha sema kuhusu kitufe cha kijani, nitasimama kupinga. Sikuweza kusimama. Ukutani mwa darasa langu la kidato cha pili palikuwa na ubao wa nyota ambao nimeutundika kwa mkono wangu: kitabu kimoja, nyota moja ya karatasi ya dhahabu, na jina la mtoto. Nyota ziling'aa. Kijana mmoja alikuwa nazo kumi na nne, akiwapita wote, na nilikuwa nimemsifu mbele ya wazazi.

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha habari za watoto wadogo 51 katika shule ya chekechea ya Stanford, chuo kile kile ambacho baadaye kilikuwa na maabara ya Fogg. Walichagua watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi kwa hiari yao. Baadhi yao waliahidiwa hati ya sifa wakichora. Wengine walipewa hati bila kuahidiwa, na wengine hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, kalamu zilipowekwa tena mezani pasipo ahadi yoyote, wale walioahidiwa walichora kwa muda ulio karibu nusu ya wenzao. Habari hiyo nilikuwa nimeifahamu tangu chuoni. Niliijibu vizuri katika mtihani.

Nilimwita yule kijana wa nyota kumi na nne, nikamwomba anisimulie kitabu chochote alichokipenda. Alinitajia majina manne bila kukosea na idadi ya kurasa za kila kimoja. Vyote vilikuwa vyembamba. Alikuwa amevichagua kwa wembamba, kama ambavyo mimi ningefanya.

Ubao niliushusha Ijumaa, watoto wakiwa uwanjani, kisha Jumatatu nikawaeleza kwa nini nilikuwa nimeutundika na kwa nini nimeushusha. Wengine walinung'unika, na msichana mmoja aliuliza kama nyota alizokwisha pata zitahesabiwa mahali popote. Kabati la vitabu nimeliacha bila kufuli saa ya mapumziko. Juma la kwanza walikuja watatu, juma la pili wawili. Sasa tuko katika juma la saba nao ni tisa au kumi, na mmoja wao amekaa na kitabu kinene tangu mwezi uliopita wala harudishi wala sijamwuliza. Yule wa nyota kumi na nne hajaja bado.